Stelingi wa Kike Anataka Nini?

Hotuba kwa wapenzi wa filamu, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum, shalom, habari za jioni.

Mmeniomba nizungumzie maoni yenu wenyewe. Ijumaa iliyopita tuliitazama hapa hapa filamu ya Terminal, ya mwaka 2018, na taa zilipowashwa hakuna aliyeondoka. Mlibishana mpaka mlinzi akaja na funguo mkononi. Mimi nilikaa pembeni nikiandika. Leo ninawarudishia mliyoyasema, na ninaongeza langu moja, ambalo nalitanguliza mapema ili asiyekubaliana nami aanze kujiandaa. Filamu za majambazi za Uingereza zimekwisha kumpa mwanamke bastola. Zimempa mavazi, zimempa maneno makali, zimempa hata jina la kwanza kwenye bango. Kitu ambacho bado zinamnyima ni tamaa yake mwenyewe. Mwanaume katika filamu hizi anaruhusiwa kuutaka mji mzima. Mwanamke anaruhusiwa kutaka kisasi, basi.

Kwa ambao hawakuwepo, nieleze kidogo. Terminal imeandikwa na kuongozwa na Vaughn Stein, Mwingereza, nayo ni filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Stelingi ni Margot Robbie, mwigizaji kutoka Australia, ambaye pia ni mmoja wa watayarishaji wake kupitia kampuni ya LuckyChap aliyoianzisha na wenzake mwaka 2014. Anaigiza Annie, mhudumu wa mgahawa ndani ya kituo cha treni, katika mji usiotajwa jina, mji ambao ni kama hauna mchana. Walipiga picha Budapest, Hungaria, na kila pembe wameijaza taa za neoni, nyekundu na kijani na zambarau, mpaka ukuta mchafu wa kituo unang'aa kama dirisha la duka la vito.

Katika mgahawa ule anaingia Bill, mwalimu mgonjwa anayekaribia kufa, ambaye ni Simon Pegg. Kwingine wapo wauaji wawili wa kukodiwa, Vince na Alfred, wamejifungia chumbani wakisubiri kazi. Yupo msimamizi wa usiku wa kituo, ambaye ni Mike Myers, tena amebadilishwa sura hata baadhi yenu hamkumtambua. Na juu ya wote yupo Bwana Franklyn, tajiri wa mauaji ambaye hakuna anayemwona uso. Mwanzoni kabisa Annie anampelekea Franklyn pendekezo la biashara: kazi zako zote nipe mimi peke yangu, na nitakuthibitishia ninaziweza kwa kuwamaliza wauaji wako wengine.

Pendekezo hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa maoni yenu. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kwa kuwa amekuwa akienda sinema tangu enzi za majumba ya mjini, alisema hivi: "Haiwezekani. Msichana mwembamba vile, mhudumu wa chai, awazungushe wanaume wenye silaha?" Vijana kadhaa walimpigia makofi. Kijana mwingine alisema filamu ina maneno mengi na mapigano machache, na kwamba kama ingepita kwa Lufufu, yule mtafsiri wa sinema ambaye wengi wetu tumekua na sauti yake kwenye kanda, ingekuwa nusu ya urefu na ingeeleweka mara mbili zaidi. Dada mmoja mwanasheria alilalamikia mavazi: mara sare ya mhudumu, mara ya muuguzi, mara ya mcheza dansi wa klabu, na kila mara kamera inapanda kutoka miguuni kwenda juu. Binti mmoja wa chuo akasema mwisho ulimtoa machozi, na kwamba baada ya mwisho ule alimsamehe Annie kila kitu. Na kaka mmoja aliyekaa nyuma kabisa alisema sentensi moja tu: "Ni taa tupu."

Huyo wa taa tupu namwanza, maana hata wahakiki wengi wa Uingereza na Marekani walisema kama yeye. Waliikataa filamu hii bila huruma. Walisema ni mtindo usio na nyama, kwamba inaazima kwa kila mtu. Kuazima ni kweli. Kuna mvua na neoni za Blade Runner ya mwaka 1982. Kuna mazungumzo marefu ya wauaji wanaongoja. Lakini nawauliza: tangu lini filamu ya majambazi ya Uingereza ikawa picha halisi ya maisha? Performance, iliyotoka mwaka 1970, ilimchukua jambazi wa London ikamfungia ndani ya nyumba ya mwanamuziki, akina James Fox na Mick Jagger, na kuanzia hapo picha zinakatwa na kuchanganywa mpaka hujui nani ni nani. Inaheshimiwa hadi leo. Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya mwaka 1998 ina rangi ya kahawia kila mahali kama picha ya zamani iliyomwagikiwa chai, watu wanazungumza kwa vichekesho vilivyopangwa, na matukio yanagongana kwa bahati ambayo mtaani haipo. Hatukusema ni taa tupu. Tulicheka, tukakariri maneno. Wanaume wakipambwa tunaita ufundi.

Simaanishi kwamba kaka yule ana nia mbaya. Pana kitu amekihisi na kitu hicho kipo, ila ameitupia lawama taa. Nitafika huko.

Kuna jambo ambalo wengi hamkuliona ijumaa, nami naona linastahili kuonwa. Yule Vince, muuaji mkali mwenye maneno ya kashfa, ni Dexter Fletcher. Na kuna mwingine mwenye nafasi ndogo, Nick Moran. Hawa wawili walikuwa katika lile kundi la marafiki wanne wa Lock, Stock, miaka 20 kabla. Nadhani mwongozaji aliwachagua kwa makusudi. Katika filamu ile ya 1998, mwanamke ninayemkumbuka ni Gloria, msichana aliyelala kwenye kochi amelewa bangi, kimya muda wote, mpaka majambazi wanapovamia nyumba. Anaamka, anashika bunduki, anafyatua, na wanaume wote wanashtuka kwamba kumbe yupo. Sinema nzima ilicheka. Miaka 20 baadaye wale wavulana wamezeeka, wanavuta sigara chumbani wakisubiri, na msichana ndiye anayewapangia saa ya kufa. Kwa hilo peke yake Terminal ina heshima yangu, na wahakiki walioipita hivi hivi walikuwa na haraka.

Nirudi kwa mzee wangu na neno lake "haiwezekani". Mzee wangu, shikamoo tena. Naomba nikupeleke London, kusini ya mto Thames, mtaa wa Elephant and Castle. Hapo palikuwa na genge la wanawake lililoitwa Forty Elephants. Polisi na magazeti waliwajua tangu karne ya 19, na waliendelea mpaka katikati ya karne ya 20. Kazi yao ilikuwa kuiba katika maduka makubwa ya kifahari ya West End. Walishona mifuko ya siri ndani ya makoti na sketi, wakaingia dukani wembamba, wakatoka wanene, na nguo za hariri na manyoya zimejaa chini ya koti. Maduka ya London yalipowazoea nyuso, walisafiri kwenda miji mingine. Malkia wao mashuhuri alikuwa Alice Diamond, aliyezaliwa mwaka 1896. Alikuwa mrefu kuliko wanawake wengi wa zama zake, alivaa pete za almasi kila kidole, na ngumi yake iliogopwa kwa sababu ya pete hizo. Mwaka 1925 yeye na wenzake waliivamia nyumba ya familia moja mtaa wa Lambeth, na mwaka uliofuata mahakama ikamfunga.

Huyo hakuwa mhudumu wa kutungwa wala hakuhitaji taa za neoni. Alikuwa na sheria za genge, alikuwa na mgawo, alikuwa na adhabu kwa aliyevunja mwiko. Na sasa sikilizeni kinachonivutia zaidi kuliko ngumi zake. Hakuna anayehitaji kueleza nani alimdhulumu Alice Diamond utotoni ndipo tumwelewe. Alikuwa masikini katika mji wenye vioo vilivyojaa manyoya, na aliyataka yale manyoya. Alitaka kutembea West End amevaa kama wake wa mabwana. Alitaka kuitwa malkia na aliitwa. Ni mhalifu, simsifu, watu waliumizwa na yeye. Lakini tunamwelewa mara moja, kama tunavyomwelewa mwanaume yeyote aliyewahi kutaka kitu kisicho chake.

Sasa mtazameni mwanaume wa filamu hizi. The Long Good Friday, filamu iliyoongozwa na John Mackenzie na kuandikwa na Barrie Keeffe, iliyokamilika karibu na mwaka 1980. Bob Hoskins ni Harold Shand, mkubwa wa majambazi wa London mashariki. Harold anataka nini? Anataka bandari. Zile gati za mto Thames wakati ule zilikuwa zimekufa, meli zimehamia kwingine, na Harold anawaleta Wamarekani wa Mafia waweke fedha, ajenge, hata anaota michezo ya Olimpiki ije pale. Katika boti yake, daraja la Tower Bridge nyuma yake, anahutubia wageni kama waziri. Na cha ajabu, ndoto ile ilitimizwa na wengine: kuanzia miaka ya 1980 serikali na matajiri waliijenga upya bandari ile, leo kuna maghorofa ya Canary Wharf, na Olimpiki ikaja London mashariki mwaka 2012. Harold aliona mbali. Ni muuaji, lakini anaona mbali, na ndiyo maana anapoanguka tunaumia naye.

Pembeni yake yupo Victoria, Helen Mirren. Inajulikana vizuri kwamba katika maandishi ya kwanza Victoria alikuwa pambo tu, mwanamke wa bosi, na Mirren alikataa. Alibishana mpaka nafasi ile ikakua. Matokeo yake tunayaona: mabomu yanapolipuka na Harold anapopandwa na hasira, Victoria ndiye anayekaa na Wamarekani, anayewatuliza, anayejua nini cha kusema na nini cha kuficha. Ana akili ya biashara kuliko wanaume wote waliomo. Kwangu mimi Victoria ni mmoja wa wanawake wakubwa wa filamu za majambazi za Uingereza, na amefika hapo kwa sababu mwigizaji aligoma kuwa kopo la maua.

Lakini tazameni mwisho wake. Harold anaingia kwenye gari lake, na badala ya dereva wake anakuta wauaji, mmoja wao ni Pierce Brosnan akiwa bado kijana kabisa, ana bastola na tabasamu. Gari jingine linapita, na ndani yake tunamwona Victoria anachukuliwa, anahangaika dirishani. Kisha amekwenda. Kamera inabaki na uso wa Harold, kwa muda mrefu, bila neno, na usoni mwake inapita hasira, hesabu, kukubali, karibu kicheko. Ni moja ya picha bora nilizowahi kuona za mtu anayeelewa kwamba amepoteza kila alichokitaka. Na Victoria? Victoria naye alikitaka. Uso wake hatukupewa.

Hapo ndipo kaka wa taa tupu na mimi tunapokutana. Kinachokosekana kwa Annie si uzito wa picha. Ni ule uso.

Sasa niurudie mwisho wa Terminal, na ambao hamjaitazama mnisamehe, siwezi kulisema hili bila kuufichua. Tulianza na pendekezo: nipe kazi zako zote. Huyo ni mwanamke wa kuvutia sana! Anataka soko lote la mauaji. Kwa saa nzima na zaidi tunamfuata akiwagonganisha wanaume, akiwasikiliza, akitabasamu, na hatujui kwa nini, na kutojua kule ndiko kunakotuweka vitini. Halafu dakika za mwisho tunaambiwa kwamba Annie ana pacha wake, kwamba walidhulumiwa wakiwa watoto, kwamba Franklyn ni sehemu ya dhuluma ile, na kwamba kila kitu tangu mwanzo kilikuwa kisasi. Pendekezo la biashara lilikuwa mtego. Hakulitaka soko. Hakutaka kitu chochote isipokuwa kulipiza.

Binti wa chuo, mdogo wangu, ulisema ulilia na ukamsamehe. Nimekufikiria wiki nzima. Machozi yako ni halali, na maumivu ya watoto waliodhulumiwa si jambo la kuchezea. Mwandishi akiligusa kwa heshima anastahili kusikilizwa. Lakini angalia machozi yale yalifanya nini. Kabla ya mwisho, Annie alikuwa sawa na wanaume wale, au juu yao. Baada ya mwisho, amekuwa mtu wa kuhurumiwa. Filamu imetuomba radhi kwa niaba yake. Ni kana kwamba mtunzi aliona mwanamke aliyemuumba anatisha mno, akarudi nyuma kumtafutia cheti cha daktari. Harold Shand hakuombewa radhi na mtu. Hatukuambiwa nani alimpiga akiwa mtoto.

Mtu mmoja hapa atanyanyua mkono aniambie: mbona na Carter alitaka kisasi? Ni kweli. Get Carter ya mwaka 1971, Michael Caine anapanda treni kutoka London kwenda Newcastle kumtafuta aliyemuua kaka yake, na anaua njia nzima. Lakini Carter alikuwa jambazi kabla kaka yake hajafa. Ana mabosi London, ana mapenzi ya siri na mwanamke wa bosi, ana koti zuri, ana dharau kwa mji alikozaliwa. Kisasi kimemkuta akiwa mtu tayari, na wala hakielezi kwa nini ni jambazi. Kwa Annie kisasi kinaeleza kila kitu, mpaka hakuna kinachobaki cha kuelezwa. Kisasi si kibaya kwenye hadithi. Hadithi zetu za pwani zimejaa visasi. Ninachokikataa ni kisasi kuwa leseni pekee ambayo mwanamke anapewa ili aruhusiwe kuingia.

Au apewe urithi. Hiyo ndiyo leseni ya pili, na nayo nendeni mkaitazame mtaiona kila mahali. Mwaka 1983 televisheni ya Uingereza ilionyesha Widows, tamthilia ya Lynda La Plante: wanaume wanakufa kwenye wizi, na wajane, wakiongozwa na Dolly Rawlins, wanachukua vitabu vya hesabu na mipango ya marehemu na kuifanya kazi wenyewe. Ilipendwa mno. Kijana mmoja mweusi wa London aliyeitazama wakati ule alikuja kuwa mwongozaji Steve McQueen, na mwaka 2018, mwaka ule ule wa Terminal, akaitengeneza upya kama filamu, akaihamishia Chicago, akamweka Viola Davis mbele. Ni kazi nzuri, zote mbili. Lakini ramani ya wizi ni ya mume. Katika tamthilia ya Peaky Blinders, iliyoanza mwaka 2013, shangazi Polly wa Birmingham ameshika biashara yote ya familia wakati wanaume wako vitani, vita vya 1914 hadi 1918. Wanarudi, anawapisha kiti. Helen McCrory, aliyefariki mwaka 2021, aliigiza kule kupisha kiti kwa namna ambayo unaona gharama yake machoni kila kipindi. Katika tamthilia ya The Gentlemen ya mwaka 2024, Susie Glass anaendesha biashara kubwa ya bangi kwa ubaridi wa kupendeza, lakini biashara ni ya baba yake aliyeko gerezani. Mume, vita, baba. Mwanamke anashika usukani kwa sababu mwanaume ameshuka.

Na hata tukimpa sauti, tunampa sauti ya kumsimulia mwanaume. Legend, ya mwaka 2015, kuhusu mapacha wa Kray, Ronnie na Reggie, majambazi wa London, inasimuliwa na Frances, mke wa Reggie. Tom Hardy anaigiza mapacha wote wawili. Frances anasimulia tangu mwanzo, na baadaye tunagundua kwamba anasimulia akiwa amekwisha kufa. Nilitoka nikiwa najua kila kitu kuhusu wale ndugu. Kuhusu Frances nilijua kwamba alikuwa na huzuni.

Dada mwanasheria, nimefika kwako. Ulisema mavazi yanamshusha. Nilikupinga ijumaa na bado nakupinga nusu. Annie anabadilisha sare kwa sababu wanaume wale wanaziona sare tu. Muuguzi, mhudumu, mcheza dansi, kila sare ni mlango wa kupitia mbele ya macho yao bila kuonwa. Hiyo ni akili ile ile ya koti la Alice Diamond lenye mifuko ya ndani. Ila nakukubalia kwamba kamera yenyewe nayo inaangalia sare kupita kiasi, na kwamba mtazamaji hawezi kuwashutumu Vince na Bill kwa kumkodolea macho wakati filamu imemweka kiti cha mbele afanye hivyo hivyo. Tungemjua anachokitaka, sare zingekuwa silaha zake. Kwa kuwa hatumjui, zimebaki sare.

Kijana wa Lufufu naye amesema jambo zito kuliko alivyodhani. Kwenye kibanda umiza, msimuliaji hangoji dakika ya 80 kutuambia stelingi anataka nini. Anatuambia akiingia tu: huyu mnayemwona anataka mali ya yule, na yule hajui. Mtu mwenye kiu ya jua kali ya saa tisa, aliyelipa sarafu zake, ana haki ya kujua hilo. Mwandishi wa Terminal aliificha haja ya Annie kwa kuwa alitaka kutushangaza mwishoni, na mshangao anaupata kweli, sikatai. Lakini mshangao unaisha ukishaujua. Ukiitazama filamu mara ya pili hakuna cha kushikilia isipokuwa maongezi ya Annie na Bill pale mgahawani, wakijadili njia za kufa, mwalimu aliyechoka na mhudumu anayemchokoza. Hayo nayapenda sana. Ni kama jukwaa la watu wawili, na Robbie na Pegg wanasikilizana vizuri. Waliosema maneno ni mengi, ningewaomba wayarudie yale peke yake, polepole.

Kuna jambo moja ambalo limeniuma kwenye filamu hii, na ninalisema kwa sababu nilitaka kuipenda. Imejaa Alice, yule msichana wa kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865: maneno yake yananukuliwa, sungura, shimo, wazimu wa chai. Sisi tunamjua msichana huyo kwa jina la Elisi. Kitabu kilichapishwa kwa Kiswahili London mwaka 1940, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mchoraji alimchora Elisi kama msichana wa Kiafrika wa pwani. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya. Sasa fikirini Elisi anaingiaje shimoni. Hakuna aliyemdhulumu. Hafuati kisasi, hajarithi shimo kwa baba. Amekaa kandokando ya dada yake, amechoka na kitabu kisicho na picha, anapita sungura mwenye saa mfukoni, na Elisi anainuka anamfuata kwa sababu anataka kujua. Basi. Anataka. Filamu imeazima sungura, shimo na chai, na imeliacha lile moja lililomfanya msichana yule asisahaulike kwa zaidi ya miaka 150.

Mzee mwingine aliniuliza nje, tukiwa tunasubiri daladala: kwani unataka tuwasifu wanawake wauaji? Tuna binti zetu nyumbani. Ni swali la baba, nalichukua hivyo. Jibu langu ni kwamba hatujawahi kuliuliza kwa watoto wa kiume. Mapacha wa Kray walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1969, na wameigizwa na kuigizwa tena, na hakuna aliyeogopa kwamba vijana wa Temeke watakwenda kuvaa suti nyembamba na kuchoma watu visu. Tunajua kijana ana akili ya kutenganisha. Binti naye anayo. Na filamu inayomwonyesha mwanamke akitaka mno, akipata, akiangamia kwa alichokitaka, kamera ikibaki na uso wake mpaka mwisho, ingekuwa na onyo kali kuliko filamu inayotuambia masikini, aliumizwa.

Zipo dalili kwamba mambo yanasogea. A Thousand Blows, tamthilia ya mwaka 2025 ya Steven Knight, yule yule wa Peaky Blinders, imewarudisha wale Forty Elephants, katika London ya miaka ya 1880. Erin Doherty ni Mary Carr, malkia wa genge, na anachokitaka anakisema wazi: wizi mkubwa kuliko yote aliyowahi kuufanya, na taji lake lisiguswe. Nimeitazama nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti. Si filamu, ni tamthilia ya vipindi, na wanaume wa ndondi bado wanachukua nusu ya nafasi. Lakini Mary anataka.

Ijumaa ijayo mwenyekiti amekubali tuitazame The Long Good Friday. Mnapoitazama, nawaomba kila anapoonekana Victoria mwache kumtazama Harold, hata kama Hoskins anapiga kelele kiasi gani, mtazame mikono ya Victoria na anavyowapokea wale Wamarekani, mniambie mnadhani angeifanya nini bandari ile angeachiwa yeye. Wenye kalamu waje na madaftari, kwa sababu ningependa wawili watatu kati yenu muandike ukurasa mmoja: gari la pili, Victoria ndani, kamera haitoki. Tutazisoma kurasa hizo kabla ya mlinzi hajaja na funguo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali, tuanze na kaka yangu wa nyuma kule.